Barua ya Maneno Mia Tatu

Barua ya Mama Maziwa ilikataliwa kwa mara ya nne siku ya Jumatano asubuhi, na aliyemrudishia alikuwa Karani wa dirisha la nne, ambaye kufikia hapo hata yeye alikuwa amechoka kuikataa.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya malalamiko. Mtu aliyezibiwa njia, aliyeelekezewa maji machafu uani kwake, au aliyejengewa choo chini ya dirisha la chumba cha kulala, alikuja pale na barua yake. Karani aliichapa kwenye mfumo, na mfumo ukaipeleka kwa kamati iliyokaa mara moja kila miezi mitatu. Zamani barua zilikuwa za urefu wowote, mpaka wajumbe wa kamati wakanung'unika kwamba wanasoma hadi macho yanavimba. Ndipo ukaletwa mfumo mpya na sharti lake: maneno yasizidi mia tatu. Yakizidi hata moja, kisanduku cha kuandikia kiligeuka chekundu, idadi ikajitokeza pembeni, na chini yake neno kubwa: HAIKUBALIKI.

"Mia tatu na kumi na mbili," Karani alisema kupitia kitundu cha kioo.

Mama Maziwa alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mikono imekakamaa kwa kukamua na kusugua madumu, na barua yake aliibeba ndani ya mfuko wa nailoni isije ikaingia maziwa. Aliitoa, akainyoosha juu ya ukingo wa dirisha.

"Mia mbili tisini na moja," alisema. "Nimehesabu mara tatu. Binti yangu naye kahesabu. Tumetia alama ya penseli kila neno la kumi, hebu tazama mwenyewe."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa hapa kwenye skrini."

"Na mimi nasoma kilichoandikwa hapa kwenye karatasi. Hiyo yako inaona maneno ambayo mimi siyaoni?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akahisi uso unamchoma. Nyuma ya Mama Maziwa walikuwa wamesimama watu kumi na watano, feni ilikuwa imegoma tangu Jumatatu, na kiti chake kilikuwa kimevunjika gurudumu moja, kwa hiyo kila alipoegemea kilimpeleka upande kama mlevi.

Habari ya ile barua alishaijua kwa moyo. Mwenye ghala jipya alikuwa amejenga ukuta ukakata njia ya ng'ombe kwenda kijitoni. Malisho yalikuwa ng'ambo ya kijito, maji yalikuwa pale pale, na sasa ng'ombe kumi na mmoja walikunywa maji ya ndoo ambayo Mama Maziwa aliyabeba mwenyewe, alfajiri na alasiri, hadi mgongo ukamkatika. Barua yake ya kwanza ilipita maneno mia nne, ikakataliwa kwa haki. Ya pili vilevile. Baada ya hapo kila alipopunguza, mfumo ulimwambia bado.

"Kwanza nilimtoa jirani," Mama Maziwa alisema, na safari hii hakuwa akitafuta kicheko. "Halafu nikamtoa marehemu mume wangu, ambaye ndiye aliyeifyeka ile njia kwa mkono wake. Juzi nikamtoa ndama. Sasa umebaki ukuta na mimi. Unataka nimtoe nani tena? Nijitoe mwenyewe?"

"Punguza tu kidogo, mama. Mfumo haukosei."

Mama Maziwa akaisukuma karatasi chini ya kioo.

"Kaa nayo. Mchana ukimaliza kula, hesabu wewe mwenyewe kwa kidole chako. Nitarudi keshokutwa."

"Keshokutwa Ijumaa ndiyo mwisho. Saa sita mchana dirisha linafungwa. Ikipita hapo, mpaka baada ya miezi mitatu."

"Najua," Mama Maziwa alisema, akampa kisogo.

Karani alihesabu. Hakuwa na nia ya kuhesabu, lakini karatasi ilikuwa imekaa pale mezani inamkodolea macho, naye alikuwa na dakika ishirini za kula. Kwenye kompyuta za dirishani mafundi walikuwa wamefunga kila kitu isipokuwa mfumo, hata kikokotoo hakikuwepo, kwa hiyo alitumia kidole kama alivyoambiwa. Akapata mia mbili tisini na moja. Akarudia kutoka mwisho kuja mwanzo, akapata hiyo hiyo. Akaikunja karatasi kwa hasira, akaitia kwenye mkoba. Alikuwa na balaa lake jingine la kushughulikia.

Balaa hilo lilikuwa darasa. Mwanzoni mwa mwaka ulitoka waraka kwamba karani asiyekuwa na cheti cha awali cha kuandika programu atahamishiwa masjala, chumba cha chini ya ngazi kisicho na dirisha, akapange mafaili mpaka astaafu. Karani alikuwa amekaa dirishani miaka kumi na tisa. Alikuwa akichapa bila kutazama vidole, lakini programu alikuwa akizisikia kama watu wanavyosikia habari za mwezini. Na kama vile hiyo haikutosha, darasa pekee lililokuwa karibu lilifundishwa na wifi yake, mdogo wa mumewe, ambaye Karani alipoolewa alimkuta bado anaota meno ya mbele. Alimwogesha, alimsuka, alimfundisha kufunga kamba za viatu. Sasa Wifi alivaa miwani, akasimama mbele ya ubao mweupe ghorofani juu ya duka la vifaa vya shule, na alikuwa ametangaza siku ya kwanza, mbele ya watu wote: "Hapa ndani hakuna mambo ya wifi. Hapa niite Mwalimu."

Jumatano hiyo saa kumi na moja jioni zoezi lilikuwa ubaoni kwa maandishi makubwa: andika fanksheni inayopokea maandishi na kurudisha idadi ya maneno.

"Fanksheni ni kama mfanyakazi uliyemwajiri kwa kazi moja tu," Wifi alieleza, akitembea kati ya meza. "Unamwita kwa jina, unamkabidhi mzigo, anakurudishia jibu. Hajui kingine chochote duniani. Usilomwambia, halijui. Na msitumie njia za mkato zilizomo ndani ya lugha. Nataka muijenge wenyewe."

Karani karibu acheke. Maneno! Yeye ambaye kazi yake miaka yote ni maneno. Alifikiri kidogo, akaona njia: kati ya neno na neno kuna nafasi, basi hesabu nafasi, uongeze moja. Akaandika mistari mitano kwa vidole vya haraka, akamwita mwalimu kwa sauti ya mtu aliyemaliza.

Wifi akainama, akaipa ile fanksheni maandishi matupu, bila hata herufi. Ikajibu: 1.

"Karatasi tupu ina neno moja?" Wifi aliuliza.

"Nani ataniletea karatasi tupu?"

"Mtu yeyote. Rekebisha."

Akarekebisha. Wifi akasema achape sentensi yoyote. Karani akachapa: Mtu alikuja. Akaondoka. Ikajibu: 4.

Wanafunzi wa meza ya jirani, kinyozi na mwenzake muuzaji wa simu, wakageuka kutazama. Karani akahesabu kwa midomo. Mtu, alikuja, akaondoka. Matatu. Akachapa upya, ikajibu 4 tena.

"Hii kompyuta mbovu," alisema.

"Kompyuta nzima. Tazama kidole gumba chako."

Kumbe ndicho. Chuoni alikosomea uchapaji, mwalimu wao aliwafundisha kwamba baada ya nukta unagonga nafasi mara mbili, na gumba lake lilikuwa likigonga mara mbili tangu siku zile bila kumwuliza. Fanksheni iliona nafasi tatu, ikaongeza moja.

"Basi nitaacha kugonga mara mbili."

"Wewe utaacha. Na wengine? Utamfuata kila mtu nyumbani kwake ukamshike gumba?"

Karani akafuta, akaandika upya. Alipoziba tundu la nafasi mbili, mstari mpya ukamharibia, kwa sababu neno la mwisho la mstari wa juu na neno la kwanza la mstari wa chini yaligandana yakahesabiwa moja. Alipoziba hilo, fanksheni ikaacha kujibu kabisa, ikatoa mistari ya makosa yenye rangi nyekundu ile ile ya kule ofisini. Kinyozi alikuwa ameshamaliza na kuondoka. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili kasorobo.

"Wifi, mimi kichwa changu kimejaa," Karani alisema kwa sauti ya chini. "Niache niende masjala. Huko angalau mafaili hayanisimangi."

Wifi akavuta kiti, akakaa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu darasa lianze akasahau ualimu wake.

"Wifi yangu, acha kuhesabu nafasi. Nafasi si neno. Wewe ukisoma, neno unalijuaje?"

"Nalijua kwa herufi zake."

"Basi tembea herufi moja moja."

Karani akashusha pumzi, akaanza tena. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa maandishi: ukikuta herufi, na kabla yake palikuwa na kitu kisicho herufi, basi hapo neno limeanza, ongeza moja. Hakuna zaidi. Aliipa maandishi matupu, ikajibu sifuri. Aliipa nafasi mbili, nafasi kumi, mistari mipya, mabano, nukta tatu za kusitasita. Kila mara ilijibu sawasawa.

"Umeona?" Wifi alisema. "Haya, mpe mzigo mkubwa kabla sijafunga mlango. Una maandishi marefu yoyote?"

Karani akakumbuka karatasi iliyokuwa mkobani. Akaitoa, akaichapa yote kwa dakika chache, akaiita fanksheni.

Ikajibu: 312.

Kwanza alifurahi. Ilikuwa namba ile ile ya ofisini, na kama programu yake ilijibu sawa na mfumo uliojengwa na wataalamu, basi na yeye amekuwa mtaalamu. Furaha ile haikumaliza hata nusu dakika. Alikuwa amehesabu kwa kidole mara mbili, na kidole kilisema mia mbili tisini na moja.

"Imekosea," alisema.

"Labda wewe ndiye umekosea kuhesabu."

"Sijakosea. Na Mama Maziwa hajakosea, na binti yake hajakosea. Watu watatu hatuwezi kukosea namba moja."

Wifi alikuwa ameshika funguo tayari. Akazirudisha mezani. "Basi ikate vipande. Mpe nusu ya barua. Nusu ikiwa sawa, kosa liko nusu nyingine. Endelea kukata mpaka ulibane."

Akakata. Aya ya kwanza ilizidi manne. Akaikata, sentensi moja ilizidi mawili. Akaikata tena, mpaka kwenye skrini yakabaki maneno mawili tu: ng'ombe wangu.

Ikajibu: 3.

Akafuta neno wangu. Likabaki ng'ombe peke yake.

Ikajibu: 2.

Chini dukani mtu alikuwa akishusha chuma cha mlango. Wifi alinyoosha kidole akagusa skrini, pale kwenye kijialama cha juu kati ya g na o, ile ritifaa inayoifanya ng' isikike puani.

"Hii si herufi," alisema polepole. "Umeiambia ikikuta kisicho herufi, neno limekwisha. Basi inasoma ng, inaona neno. Inaruka alama, inasoma ombe, inaona neno jingine."

"Ombe," Karani alisema. "Ombe ni nini?"

"Si kitu."

Akarudi kwenye karatasi, akahesabu kwa kalamu. Ng'ombe kumi na saba. Ng'ambo nne. Ishirini na moja. Mia mbili tisini na moja ukiongeza ishirini na moja ni mia tatu na kumi na mbili.

Wifi akacheka, kicheko cha mwalimu aliyepata mfano mzuri wa darasani, akaanza kuchapa ninang'ang'ania ili aone itahesabiwa mangapi. Ilihesabiwa matatu. Lakini Karani hakucheka. Alikuwa ameshika tama, anaitazama ile karatasi yenye alama za penseli kila neno la kumi. Alikuwa amemrudisha yule mwanamke mara nne. Mara mbili kwa haki na mara mbili bure. Na alimwambia, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele za watu, kwamba mfumo haukosei.

"Mwalimu," aliita, na Wifi akageuka kwa jinsi alivyoliita jina hilo. "Aliyejenga mfumo wetu alifanya kosa langu hili hili. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya tatu."

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua dirisha, alimpigia Fundi wa Mfumo, ambaye alikaa makao makuu na ambaye hakuna karani aliyewahi kumwona sura.

"Mama, mfumo umepimwa," Fundi alisema.

"Umepimwa kwa barua zipi?"

"Umepimwa kitaalamu."

"Andika ng'ombe hapo ulipo. Neno moja tu. Uniambie inasema mangapi."

Karani alisikia vitufe vikibonyezwa.

"Hiyo ni hali ya pekee," Fundi alisema.

"Ng'ombe ni hali ya pekee?"

"Jaza fomu ya hitilafu. Inashughulikiwa ndani ya siku ishirini na moja za kazi."

"Mwisho wa kupokea barua ni kesho saa sita!"

"Ndiyo maana nasema jaza mapema, mama," Fundi alijibu, akakata.

Akapanda kwa Mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa mtu mpole mwenye meza ya kioo isiyo na karatasi hata moja juu yake, na alikuwa na hofu ya makao makuu kuliko hofu ya kitu chochote kingine. Alimsikiliza Karani mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Dada yangu, unataka kuniambia wataalamu wamekaa mwaka mzima wakajenga mfumo, halafu wewe wa darasa la jioni ndiye umeona kosa?"

"Sitaki kukuambia chochote, Mkuu. Fungua mwenyewe uandike."

Akaandika kwa kidole kimoja. Alitazama ile namba mbili. Akafuta, akaandika tena, safari hii akibonyeza polepole, kana kwamba tatizo lilikuwa mwendo. Ikabaki mbili. Akaandika mbuzi. Moja.

"Mh," alisema Mkuu. Akajipangusa paji la uso ijapokuwa chumba kilikuwa na kiyoyozi. "Sasa si aandike mifugo tu? Yaishe."

Karani alitamani kupiga ile meza ya kioo ngumi. Alijikaza, akaomba kibali cha kuirekebisha barua yeye mwenyewe, akapewa kibali cha mdomo bila maandishi, akashuka.

Ijumaa Mama Maziwa alifika saa tatu, akangoja zamu yake bila neno. Alipofika dirishani Karani alisimama, jambo ambalo makarani hawalifanyi.

"Ulihesabu?" Mama Maziwa aliuliza.

"Nilihesabu. Ni mia mbili tisini na moja. Wewe ulikuwa sahihi na mfumo ndio uliokosea, na mimi ndiye niliyekurudisha. Nisamehe, mama."

Akamweleza habari ya ritifaa, akimwonyesha kwa kalamu kwenye karatasi. Mama Maziwa alisikiliza huku taya likimcheza. Alipoelewa, hakupaza sauti, na Karani angependelea apaze.

"Kwa hiyo ile ya tatu," alisema. "Ile niliyoihesabu nikapata mia tatu kamili, ukaniambia bado."

"Ilikuwa sawa."

"Nikaenda nyumbani nikamtoa ndama."

"Ndiyo."

Mtu nyuma kwenye foleni alikohoa. Mama Maziwa aligeuka akamtazama mpaka kikohozi kikakoma.

"Sasa tunafanyaje?"

"Mkuu anasema uandike mifugo."

"Mifugo ni pamoja na kuku. Mimi sina kuku. Ukuta haujazuia kuku."

"Najua. Basi tuandike bila ile alama. Ngombe. Mfumo utahesabu moja."

"Ngombe," Mama Maziwa alilitamka kama lilivyoandikwa, akakunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyochacha. "Mimi shuleni nilikuwa wa kwanza kwa imla. Nisimame mbele ya kamati, waseme huyu hajui hata kumwandika mnyama anayemkamua?"

"Hawatasema. Nakala za wajumbe nazichapisha mimi hapa. Nitazitia alama zote kwa kalamu, moja moja, kabla hazijaenda. Nakuapia."

Mama Maziwa alifikiri. Saa ya ukutani ilikuwa ikisogea, na mlinzi alikuwa ameanza kuwaambia wa mwisho wakae karibu karibu.

"Kama ni mia mbili tisini na moja," alisema hatimaye, "basi nina tisa zangu."

"Unazo."

"Andika. Na ndama mmoja alikufa kwa kiu chini ya ukuta."

Karani alichapa bila kutazama vidole, gumba likigonga mara moja moja. Namba ikafika mia tatu, ikasimama hapo. Kisanduku kikawa kijani. Mama Maziwa hakushukuru wala hakutabasamu. Alikunja mfuko wake wa nailoni mara nne, akautia kifuani, akaondoka kuwahi kubeba maji.

Jioni hiyo Karani hakwenda darasani. Alibaki na nakala saba za wajumbe na kalamu nyeusi, akatia ritifaa ishirini na moja katika kila nakala, mia moja arobaini na saba jumla, mpaka kidole kikafanya ganzi.

Kamati ilikaa, ikaenda kuutazama ukuta, ikaagiza mwenye ghala atoboe mlango wa kupitisha wanyama. Mwenye ghala alivuta miguu wiki tano, kisha akatoboa mlango mwembamba kiasi kwamba ng'ombe walipita mmoja mmoja kama abiria wenye mizigo. Mama Maziwa alipita ofisini kuleta taarifa hiyo, akasema anafikiria kuandika barua nyingine kuhusu upana.

Fomu ya hitilafu ilichukua miezi miwili badala ya siku ishirini na moja. Ulikuja ujumbe mfupi kwamba tatizo limetatuliwa, bila jina la mtu wala pole. Karani alipata cheti chake pia. Wifi alimpa alama sabini na nane, akamkata kwa sababu ya majina ya ovyo aliyoyapa vitu ndani ya programu, na mumewe alipojaribu kumtetea mezani, wanawake wote wawili walimwambia anyamaze.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkosesha raha. Mfumo ulikuwa ukitunza barua zote ulizozikataa. Kama ulimkosea Mama Maziwa, ulikuwa umewakosea wangapi wengine? Alimsumbua Mkuu mpaka Mkuu akatia saini ya kumruhusu kuzichukua, na Jumamosi moja yeye na Wifi wakakaa darasani, mchana kutwa, wakaipa fanksheni yake barua mia sita na arobaini, moja baada ya nyingine. Alikuwa ameirekebisha: ritifaa ikikaa katikati ya herufi mbili, neno halijakwisha. Ikatoa jibu kwamba hakuna hata mmoja aliyekosewa. Wifi alitaka kushangilia. Karani akafungua barua moja kwa macho yake, akaona ng'ambo imehesabiwa mawili kama zamani.

"Nimerekebisha hii!" alipiga kelele. "Mungu wangu, nimerekebisha hii!"

Ilikula saa mbili nzima kugundua kwamba ritifaa ni za aina mbili, moja iliyosimama wima na nyingine iliyolala upande, na mfumo wa ofisi ulikuwa ukizilaza zote upande wakati wa kuzitunza. Kwa jicho zilifanana. Kwa fanksheni zilikuwa vitu viwili visivyojuana. Karani alikaa chini ya dirisha la lile darasa, mgongo ukutani, akala ndizi bila kuonja ladha yake. Kisha akainuka, akaongeza ya pili.

Waliokataliwa kimakosa walikuwa hamsini na wanane.

Mkuu alisema wapigiwe simu, lakini wakati wa chakula, si saa za kazi. Kwa hiyo Karani alikula haraka na kupiga simu mbili au tatu kila siku. Namba nyingi hazikupatikana. Mwanamume mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye alishahama na ule mti wa jirani umwangukie atakayehamia. Mwingine alidhani ni matapeli, akamtukana. Wachache, kama kumi na mmoja hivi, walisema watakuja.

Siku ya Alhamisi alimpigia mshonaji mmoja wa kike. Barua yake ilikuwa ya mwaka uliopita, kuhusu mfereji wa jirani uliokuwa unang'oa msingi wa nyumba yake. Unang'oa, ulining'olea, utaung'oa. Ilikuwa imezidishwa maneno manane, naye alizidi saba tu. Karani alieleza kila kitu, akasema barua inaweza kwenda mbele ya kamati sasa hivi, kama ilivyo.

"Kama ilivyo haiwezekani," yule mshonaji alisema. Nyuma yake cherehani ya mtu mwingine ilikuwa ikilia. "Ukuta ulishaanguka. Ulianguka masika."

"Kuna aliyeumia?" Karani aliuliza.

"Hakuna. Tulikuwa sokoni." Kisha akaongeza: "Mliniambia nipunguze saba. Sikujua la kupunguza, nikaacha."

"Andika nyingine," Karani alisema. "Andika habari ya ukuta ulioanguka. Njoo nayo dirisha la nne, niulize mimi."

"Nitaona," mshonaji alisema, na sauti yake haikuonyesha kama ataona au hataona. Cherehani ikasimama upande wa pili, akamwambia mtu shikilia hapo nakuja, simu ikakatika.

Karani akaandika tarehe mbele ya jina lake, na pembeni yake: ukuta ulishaanguka. Zilikuwa zimebaki dakika sita dirisha lifunguliwe. Akapiga namba iliyofuata.